Taka za Ghorofani: Mwongozo wa Kuanzia Getini

Pita nyuma ya ghorofa yoyote ya Upanga, Kariakoo au Sinza asubuhi kabla gari la taka halijafika. Viroba vimerundikwa ukutani, kimoja kimechanwa na paka, na maji ya mabaki ya chakula yanachuruzika kuelekea mtaroni. Ndani ya uchafu huohuo zimo chupa za maji, maboksi na makopo ambayo mtu fulani mtaani angeyanunua kwa kilo, lakini sasa yamelowa mchuzi na hayafai tena. Wakazi wanalipa ada, msimamizi analaumiwa kila siku, dada wa usafi anashusha viroba vinavyovuja ngazi kwa ngazi, na bado pananuka.

Si kwamba watu hawajajaribu. Majengo mengi yamenunua mapipa matatu ya rangi na kubandika tangazo ukutani. Baada ya wiki chache kila pipa lina kila kitu. Mara nyingi chanzo ni kimoja: mkazi aliyejitahidi kutenganisha alisimama dirishani akaona gari likimwaga mapipa yote matatu mahali pamoja. Akishaliona hilo mara moja hatenganishi tena, na huwezi kumlaumu.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza getini, pale taka zinapotoka, kisha unarudi nyuma hadi chumba cha taka, ngazi, na mwisho jikoni. Umeandikwa kwa ajili yako uliye kwenye kamati ya jengo, msimamizi, mwenye nyumba, au mpangaji aliyechoka kuziba pua. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam, lakini kazi ni ileile kwa mkazi wa Mombasa, Nairobi au Arusha.

1. Jueni mnatupa nini na kiasi gani

Tengeni wiki moja ya kupima. Mizani ya kuning'iniza kama ya sokoni inatosha. Kila asubuhi dada wa usafi au mlinzi apime viroba vilivyoshuka na kuandika kwenye daftari. Siku mbili katika wiki hiyo, mwageni viroba vichache juu ya turubai, mkiwa mmevaa glavu, mgawanye mafungu: mabaki ya chakula na maganda, plastiki, karatasi na maboksi, vyuma na makopo, vioo, na masalia kama pampasi.

Kwenye majengo yetu, mabaki ya jikoni kwa kawaida huzidi nusu ya uzito wote: maganda ya ndizi na viazi, mabua ya mchicha, makapi ya nazi, ugali uliobaki. Plastiki na maboksi ni mepesi, ila ndiyo yanayojaza mapipa haraka. Ukishayaona mafungu hayo kwa macho, mabishano mengi ya mkutanoni yanaisha.

Sasa pigeni hesabu ya mapipa. Chukua jengo la fleti 24 zenye watu watano kila moja, yaani watu 120. Kwa gramu 600 kwa mtu kwa siku, ambacho ni kiasi cha kawaida mijini kwetu, jengo linatoa kilo 72 kila siku. Pipa la magurudumu la lita 240 hubeba takribani kilo 70 za taka zenye mabaki mengi ya chakula. Kwa hiyo mnahitaji nafasi ya pipa moja kwa siku. Gari likija Jumanne na Ijumaa, kipindi kirefu zaidi ni siku nne kutoka Ijumaa hadi Jumanne: mapipa manne, na la tano la akiba kwa siku gari litakapoharibika. Jengo lenye mapipa mawili kwa mahitaji hayo litakuwa chafu hata wakazi wakiwa malaika.

2. Tafuteni wachukuaji kabla ya kununua mapipa

Hapa ndipo pa kuweka nguvu nyingi. Kabla ya kutangaza lolote kwa wakazi, kila fungu liwe limepata mtu wa kulichukua.

*Mkandarasi wa taka.* Nendeni ofisi ya serikali ya mtaa au kwa afisa afya wa kata mkaulize nani ana mkataba wa eneo lenu, siku zake za kupita, na kiwango halali cha ada. Kisha mwiteni mkandarasi mwenyewe getini na mwulizeni maswali matatu: je, gari linaweza kuchukua taka zinazooza bila kuzichanganya na kavu? Kama haliwezi, atakubali tumpe masalia tu, kavu na mabaki ya chakula tukijitafutia njia nyingine? Asipokuja siku yake, tumpigie nani? Majibu yaandikwe na pande zote mbili zisaini.

*Mnunuzi wa taka kavu.* Kila mtaa una wanunuzi wa chakavu na vijana wanaopita na guta au mkokoteni wakikusanya chupa. Wanaijua biashara hii kuliko mtu yeyote kwenye kamati yenu. Mchagueni mmoja au kikundi kimoja kinachofahamika mtaani, mpangiane siku na saa, na mizani iwepo. Mwulizeni anachukua nini hasa. Wengi hununua chupa za maji na soda, plastiki ngumu kama ndoo na madumu yaliyovunjika, maboksi, vyuma, na makopo ya soda ya aluminiamu. Kopo la aluminiamu halinasi kwenye sumaku. Njia hiyo itawasaidia kulitofautisha na la bati. Mwulizeni pia asichokitaka. Pakiti za krispi, boksi za juisi zenye karatasi ya kung'aa ndani na sahani nyeupe za povu hukosa mnunuzi mara nyingi, na ni afadhali wakazi wajue mapema kwamba hizo zinakwenda kwenye masalia.

Msitarajie utajiri. Kilo moja ya chupa za nusu lita ni chupa 50 au zaidi. Faida kubwa iko kwenye pipa lisilojaa na gari lisilolipiwa safari ya ziada.

*Mchukuaji wa mabaki ya chakula.* Wafugaji wa nguruwe na kuku pembezoni mwa mji hutafuta mabaki safi. Wapo pia wanaotengeneza mboji, na wanaolisha mabaki kwa funza wa inzi mweusi ili wapate chakula cha kuku na samaki. Manispaa ya Kinondoni ina kiwanda cha mboji Mabwepande kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg. Wote hawa wana sharti moja: mabaki yasiwe na plastiki, vioo wala betri. Kipande kimoja cha kioo ndani ya ndoo kinaweza kumuua mnyama wa mtu, na mfugaji huyo hatarudi tena getini kwenu.

Kila mnachokitoa kwa njia hizi hakisafiri hadi dampo la Pugu Kinyamwezi kikipita kwenye foleni, na hakiishii mtaroni kungoja mvua za masika.

3. Anzeni na mafungu mawili tu

Msianze na rangi tano. Anzeni na mbili: zinazooza na kavu. Huo ndio mgawanyo unaookoa kila kitu kingine, kwa sababu kinachoharibu boksi na chupa ni mchuzi, na kinachoharibu mboji ni plastiki. Kenya iliufanya kuwa msingi wa sheria yake ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022, inayotaka taka zinazooza zitengwe na zisizooza pale zinapozalishwa.

- Zinazooza: maganda, mabaki ya chakula, majani ya chai, maganda ya mayai, maua, majani ya uani.
- Kavu: chupa na plastiki ngumu, maboksi, karatasi, makopo, vyuma, chupa za kioo ambazo hazijavunjika.
- Masalia: pampasi, pedi, karatasi za chooni, pakiti za krispi, vumbi la kufagia, vitambaa vilivyochakaa.

Masalia yaendelee kwenye pipa la kawaida kama zamani. Kwa mkazi hilo si jambo jipya. Kazi ya kuchambua kavu kwa aina ifanyike chini, na mtu anayelipwa kuifanya, si na kila fleti. Chupa za kioo za soda na bia zirudi dukani kwenye kreti.

4. Chumba cha taka kiwe mahali mtu hachukii kuingia

Nendeni mkakitazame chumba chenu saa 2 usiku, kwa sababu wakazi wengi hushusha taka saa hizo. Je, pana taa? Sakafu ina maji? Mtu akiingia na viatu vya wazi anakanyaga nini? Mtoto aliyetumwa na kiroba akikuta giza na panya, atakiacha kwenye kona ya ngazi, na mtamtafuta mkosaji bure.

Chumba kizuri kina mambo haya: sakafu ya saruji iliyolazwa kuelekea kwenye tundu la maji machafu, bomba na mpira wa maji wa kuoshea, matundu ya hewa yenye wavu, taa, na mlango unaojifunga. Mapipa yawe na vifuniko, na mtoto wa miaka kumi aweze kuufikia mdomo wa kila pipa. Bandikeni picha za vitu vyenyewe juu ya kila pipa. Picha ya ganda la ndizi inaeleweka na kila mtu, hata asiyesoma. Upande wa kavu wekeni viroba vikubwa vinavyoning'inia kwenye fremu ya mbao au chuma: kimoja cha chupa, kimoja cha makopo, na sehemu ya kupanga maboksi yaliyokunjuliwa.

Kama jengo lina bomba la zamani la kutupia taka kutoka kila ghorofa, lifungeni. Hakuna namna ya kutenganisha taka zinazoporomoka pamoja kwenye tundu moja, na bomba hilo ni njia ya mende na panya kwenda juu.

Kwenye jengo lisilo na lifti, njia inayofanya kazi vizuri zaidi ni kukusanya mlangoni kwa saa maalumu. Dada wa usafi aanze ghorofa ya juu akishuka, ili mzigo ukiongezeka awe anakaribia chini. Asibebe zaidi ya ndoo mbili za lita 20 zenye vifuniko kwa safari moja. Kavu zinaweza kusubiri, kwa hiyo kila mkazi azishushe mwenyewe.

5. Jikoni kwako

Sasa tumefika kwako. Unahitaji ndoo ndogo yenye mfuniko, ya lita 5 hadi 10, kwa ajili ya zinazooza, na kiroba au mfuko mbadala unaoning'inia nyuma ya mlango kwa ajili ya kavu.

Adui wa ndoo ya jikoni ni maji. Mimina mchuzi na uji kupitia chujio kwanza, kisha tupa kilichobaki. Tandika gazeti ndani ya ndoo, chini kabisa. Litanyonya maji na litaoza pamoja na mengine. Mifupa na utumbo wa samaki vifungie kwenye gazeti, na kama gari au mchukuaji haji leo, viweke kwenye friza hadi siku yake. Ndoo itoke kila siku, hata ikiwa nusu, na isuuzwe. Inzi wa kawaida anaweza kutoka yai hadi kuwa inzi kamili ndani ya wiki moja au zaidi kidogo kwenye joto la pwani; ndoo inayokaa siku nyingi inakuzalia kizazi kizima.

Chupa na makopo hayahitaji kuoshwa kwa sabuni. Yasuuze kwa maji yaliyobaki baada ya kuosha vyombo, yakung'ute, kanyaga chupa ibonyee, kunjua boksi lilale. Vifuu vya nazi vikusanye peke yake: haviozi upesi, lakini huwaka vizuri na wapo watakaovichukua kwa ajili ya jiko.

Na kumbuka nani hasa anatupa taka nyumbani kwako. Katika nyumba nyingi ni dada wa kazi na watoto, wakati mkutanoni huenda baba au mama. Keti nao, waonyeshe kwa vitendo, wape sababu.

6. Mboji, kama mna uwanja

Jengo lenye kipande cha ardhi chenye kivuli linaweza kuozesha sehemu ya mabaki yake. Jengeni vyumba viwili vya mbao au matofali yenye nafasi za hewa, kila kimoja cha mita moja kwa mita moja. Kwa kila ndoo ya mabaki, wekeni ndoo mbili hadi tatu za majani makavu, maranda ya fundi seremala au maboksi yaliyochanwachanwa. Fumbateni konzi moja: ikichuruzika maji, ongezeni vikavu, ikimeguka kama vumbi, nyunyizieni maji. Geuzeni kila wiki. Nyama, samaki na mafuta visiingie, maana huita panya.

Rundo likinuka linawaambia limekosa hewa au vikavu. Likitunzwa, baada ya miezi miwili hadi mitatu hivi chumba cha kwanza kinatoa mboji nyeusi inayonukia udongo. Wagawieni wakazi wenye maua na mboga za kwenye ndoo. Anayevuna mchicha uliokua kwa maganda yake mwenyewe ndiye atakayewashawishi majirani zake.

7. Vitu vinavyoumiza

Kila ulichofunga kwenye kiroba kuna mtu atakishika baada yako, mara nyingi bila kukiona. Kioo kilichovunjika kifungie kwenye gazeti nene au boksi na uandike "kioo". Sindano za mgonjwa wa kisukari ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, na ikijaa irudishwe kituo cha afya au hospitali anakotibiwa. Dawa zilizokwisha muda, ulizeni duka la dawa au hospitali. Betri na simu mbovu ziwe na kopo lake kavu ofisini kwa msimamizi, kamwe zisiingie kwenye pipa: betri ya simu ikitobolewa au kubanwa inaweza kuwasha moto.

Wala msichome taka uani kwa hoja ya kupunguza mzigo. Moshi wa plastiki una sumu, na unapanda moja kwa moja hadi madirisha ya majirani wenye watoto.

8. Kuwapata watu

Kama fleti zina wamiliki mbalimbali, sheria ya Tanzania ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 inawapa chama cha wamiliki kinachosimamia maeneo ya pamoja. Utaratibu wa taka uingizwe kwenye kanuni za chama hicho, na bajeti yake kwenye michango. Kama mwenye nyumba ni mmoja, utaratibu uwekwe kwenye mkataba wa kila mpangaji mpya, na aonyeshwe chumba cha taka siku anayokabidhiwa funguo.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku iliyozoeleka kwa usafi, inafaa kwa mkutano mfupi palepale kwenye chumba cha taka. Katika kundi la WhatsApp, ujumbe uwe mfupi na wenye maelekezo kamili. Mfano:

"Ndugu wakazi, salaam. Kuanzia Jumatatu, taka za jikoni zitachukuliwa mlangoni kila siku saa 1 jioni. Tafadhali wekeni nje ndoo yenye mfuniko. Chupa, makopo na maboksi yashusheni chumba cha taka, mkono wa kushoto. Mnunuzi anakuja kila Jumamosi. Mwenye swali ampigie msimamizi. Asanteni."

Msibandike picha ya kiroba cha jirani kumwaibisha. Mtu aliyeaibishwa mbele ya watu hushindana nanyi. Mzee mmoja wa kamati agonge mlango kwa heshima, aulize kuna shida gani. Mara nyingi atakuta mgonjwa, mama mwenye mtoto mchanga, au mpangaji ambaye hakuelezwa.

9. Fedha na anayefanya kazi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila Jumamosi andikeni kilo zilizouzwa, bei na fedha, kisha tumeni picha ya ukurasa huo kwenye kundi. Ada ya taka ilipwe kwa stakabadhi.

Fedha za chupa kwanza ziende kwa dada wa usafi anayechambua, kama nyongeza juu ya mshahara wake, si badala ya mshahara. Kamati imnunulie glavu nene, buti za mpira, barakoa na sabuni, na impatie mahali pa kunawia na kubadilisha nguo. Mkishindwa kununua mapipa ya rangi na glavu kwa pamoja, nunueni glavu. Utaratibu wote huu unasimama juu ya mikono yake, na jengo linaloiacha ikatwe na vioo halijawa safi hata sakafu ikimeremeta.

10. Yakikwama

- *Taka zimechanganyika tena:* angalieni kwanza kama mnunuzi au gari liliruka siku. Kavu zikirundikana, watu huacha.
- *Harufu:* osheni mapipa, si chumba tu, na hakikisheni vifuniko vinafunga.
- *Watu wa nje wanapekua mapipa usiku:* wakaribisheni mchana kwa utaratibu, au mmoja wao awe ndiye mnunuzi wenu.
- *Mkandarasi anachanganya kila kitu:* mpeni masalia tu, na malalamiko yaende kwa maandishi kwa afisa afya wa kata.

Mwezi wa kwanza upangeni hivi: wiki ya kwanza kupima, wiki ya pili kutafuta wachukuaji na kuandikiana nao, wiki ya tatu kutengeneza chumba na kumpa dada wa usafi vifaa, wiki ya nne kuwaeleza wakazi na kuanza. Baada ya miezi mitatu pimeni tena kwa mizani ileile na msome tarakimu zote mbili mbele ya mkutano. Kama masalia yanayokwenda kwenye gari yamepungua, rudini kwa mkandarasi mkajadiliane upya ada na idadi ya safari. Kama hayajapungua, msiongeze matangazo wala faini: shukeni getini siku ya gari, mtazame kwa macho yenu kila fungu linakwenda wapi, na mrekebishe kuanzia hapo.